Mabakuli Matatu ya Quark

Ansgar Brinkmann alitoka Bremen kuja kumposa Margita, na mvua ya Oktoba ikampokea kabla ya wenyeji. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mifereji ya Spreewald, nyumba zikionekana nusu nusu, kama vitu vinavyokumbukwa kwa shida. Jikoni kulikuwa na joto. Maziwa ya mgando yaliyofungwa kwenye kitambaa yalining'inia juu ya beseni yakichuja maji, to, to, to.

Margita alitoka kwenda kukamua. Ansgar akabaki na bibi wa Margita, Worsha, Msorbi, mmoja wa Waslavi wenyeji wa Spreewald, aliyesema Kijerumani pale tu alipojisikia.

"Nasikia huko kwenu wanaume hawajui hata kuosha sahani."

"Quark!" Ansgar alicheka. Alimaanisha upuuzi mtupu. Ndivyo walivyosema kwao tangu utotoni.

Bibi aliinuka, akamwekea bakuli la Quark yenyewe, ile jibini laini nyeupe, pamoja na viazi vya moto na mafuta ya kitani. Ansgar alishangaa kidogo, akala.

"Na mkishamchukua mjukuu wangu, sitamwona tena."

"Quark, Bibi! Tutakuja kila mara."

Likaja bakuli la pili.

"Mbona umekonda hivyo? Si una ugonjwa wewe?"

"Qua..." Alijizuia, lakini bakuli la tatu lilikwisha kutua mezani.

Shibe ilimlaza palepale kwenye benchi kando ya jiko. Katika usingizi aliona neno likitembea pekupeku mashambani, jeupe, linachuruzika maji. Kila nyumba lilipopiga hodi lilipewa sauti nyingine, nalo likaipokea na kuendelea na safari, hata likafika kwao Bremen. Pale watu wakalila, kisha wakalicheka.

Alizinduliwa na kicheko cha Margita. "Bibi, umemfanya nini mgeni?"

"Kaomba mwenyewe. Mara tatu."

"Samahani, Bibi," Ansgar alisema. "Kwetu neno hilo pia ni upuuzi."

"Unadhani sijui? Neno ni letu hilo. Twarog. Wazee wenu walilisikia kwetu, likawashinda kutamka, wakalivunjavunja. Hayo nimewasamehe. Lakini chakula cha watu kukiita upuuzi!"

Ansgar aliona haya. "Tfarok," alijaribu.

Bibi Worsha alicheka hadi akashika meza. "Hebu tena."

"Twarog."

"Afadhali. Haya, sema kilichokuleta."

Alisimama, tai imelowa mafuta, akasema yote, kwa kigugumizi. Margita alikuwa bado ameshika ndoo ya maziwa, hakukumbuka kuiweka chini. Bibi alipangusa meza polepole, hata mahali palipokuwa safi.

"Iwe kabla ya Kwaresima," alisema mwishowe. "Na hiyo tai ivue, niiloweke."