Kimya cha Zdravka

Siku ya arobaini ya Bibi Tsona, padri alimimina divai juu ya udongo wa kaburi, kisha akamshukuru Penka. "Binti huyu," alisema, "alikuja kutoka mjini Sofia kila Pasaka. Hakumsahau mama yake." Penka akafuta machozi. Zdravka, mke wa mtoto wa kiume wa marehemu, alikuwa nyuma ya watu akigawa ngano ya kuchemsha inayoliwa makaburini. Hakuna aliyemtaja.

Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Nilimwona Zdravka akimuuguza mama mkwe wake miaka kumi na mmoja: kumgeuza kitandani, kumlisha, kumfulia mashuka hata majira ya baridi, yakigandia kambani kama mbao. Hakulalamika. Alikuwa akingoja. Alingoja mumewe, Ginyo, amwambie siku moja apumzike. Alingoja wifi yake aseme, "Mwezi huu namchukua mimi." Wenzake walikiona kimya chake wakadhani ameridhika.

Waliporudi kutoka makaburini aliosha vyombo vyote, akapanda kitandani, akageukia ukutani. Kesho yake hakuamka, wala kesho kutwa. Ginyo akaja kwangu.

"Jirani, mwenzangu anaumwa na daktari hamtaki. Hebu njoo umwone."

Nilimkuta Penka, ambaye alikuwa hajarudi Sofia, yuko jikoni akifungua kabati moja baada ya jingine, anatafuta chumvi ya supu. Nikaingia chumbani.

"Panauma wapi, mwenzangu?"

"Hapaumi popote. Nimechoka."

Ginyo alikuwa mlangoni. "Umechoka na nini tena? Mama si amepumzika? Na wewe ndiyo umepumzika."

Zdravka akaketi polepole. "Ginyo, miaka yote hiyo uliwahi kuniuliza hata mara moja kama nimechoka?"

"Sasa mbona hukusema? Mimi ni mganga, nipige ramli?"

"Ulikuwa unalala chumba cha pili. Ulikuwa unasikia akiniita."

Hapo Penka akaingia, kijiko bado kiko mkononi.

"Wifi, Mama alitaka kuja kwangu."

"Lini?"

"Mwaka wa pili tu baada ya kupooza. Aliniambia, nichukue, mtoto wa watu huyu anateketea. Nikamuuliza kaka. Akasema tukikwambia utaudhika, utaona tunakudharau, eti huwezi kumtunza."

"Kwa hiyo nyote mlijua ninateketea."

Nilitamani niwe nyumbani kwangu.

"Na mimi je?" Penka akasema. "Kila nikija, umeshamwogesha, umeshamlisha, umeshamchana nywele. Nakaa kwenye kiti kama mgeni. Nikasema basi, huyu kanifungia mlango wa mama yangu."

"Ungeshika kitana, Penka. Nani angekukata mkono?"

Kisha Zdravka akaanza kulia. Nilidhani anajililia mwenyewe, kumbe sivyo. "Nilimchukia," alisema. "Kila jioni nikimfunika blanketi nilikuwa namchukia, kwa kuwa hakuniambia hata ahsante. Na yeye alikuwa ameniombea nipumzike. Amekufa nami sikulijua hilo."

Ginyo akanyoosha mkono. "Basi, mke wangu. Tusameheane yaishe."

"Leo sina nguvu za kusamehe. Nipeni hiyo supu."

Akainywa yote. Penka akaondoka na basi la mchana bila kuagwa.

Wiki iliyofuata Zdravka alikwenda kwa dada yake mjini Burgas, akakaa mwezi mzima. Ginyo alikula kwangu siku nne. Ya tano nikamwonyesha jinsi ya kupika maharage. Aliyaunguza, akayala hivyo hivyo. Mkewe aliporudi alimpokea stesheni, akambebea mzigo. Sikuwahi kuwasikia wakigombana tena, ila vicheko pia sikuvisikia.

Kabla ya mwaka kutimia Penka alipiga simu kuulizia matayarisho ya ibada ya kumkumbuka mama yake. Nilikuwepo, tulikuwa tunachoma pilipili hoho uani.

"Safari hii mimi sipiki wala siendi makaburini," Zdravka alimwambia. "Njoo ufanye mwenyewe. Ngano iloweke usiku mzima, isije ikawa ngumu."

Sauti ya Penka ikasikika simuni. "Sawa, wifi. Nitakuja."

Akaja kweli. Ngano yake ilikuwa ngumu, tukaila. Zdravka alibaki nyumbani, mapazia yamefungwa, amelala.