Siku ya Harusi Alikuwa Kazini

Mimi sijui kuzungukazunguka. Mume wangu alisimama mbele ya tume ya uchunguzi, akaapa, akasema siku ile dizeli ilipomwagika yeye alikuwa kazini boharini, peke yake. Nikamkodolea macho, nikadhani masikio yangu yana kasoro. Siku ile tulikuwa tunamwoza binti yetu.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikikasirika naruka mambo. Mume wangu anasimamia matangi kwenye bohari ya mafuta. Matangi yamezungushiwa ukuta, ili dizeli ikimwagika ibaki humo humo. Chini ya ukuta kuna koki ya kutolea maji ya mvua. Asubuhi ya harusi ilinyesha, yeye na wenzake wa zamu wakaifungua, na huku pampu inajaza tangi. Mara Mkurugenzi wa kampuni, ambaye ndiye tuliyemfanya mgeni rasmi, akaja na gari kuwachukua wote waje harusini. Mume wangu akamwambia koki bado iko wazi na pampu inafanya kazi.

"Twende bwana," Mkurugenzi akacheka. "Tutarudi tufunge."

Wakaja wote, wakala, wakacheza. Mkurugenzi alicheza kumshinda bwana harusi, tena kwa miguu isiyojua muziki. Huku nyuma tangi likafurika, dizeli ikapita kwenye koki mpaka mtoni, na visima vya bondeni vikaharibika. Mpaka leo watu wa kule wanaoga maji yanayonuka, na watoto wao wametapakaa vipele.

Kwa hiyo siku ya tume nilimpigia mume wangu shati pasi, nikamwambia, "Baba watoto, wewe sema ukweli tu, turudi nyumbani tule." Akaitikia, ila hakunitazama. Ningejua, pasi ningemchomea nayo hilo shati.

Mkurugenzi ndiye aliyeanza. Akaulizwa siku hiyo alikuwa wapi. "Safarini," akasema, macho makavu. "Bohari aliachiwa huyu mzee. Ni uzembe wa mtu mmoja, kampuni haihusiki." Wakili wa kampuni akawa anaitikia kwa kichwa taratibu. Wale wenzake wa zamu, waliokula nyama yangu mpaka wakalamba vidole, wote wakainama kukagua viatu vyao.

"Ni kweli, mzee?" mwenyekiti wa tume akamuuliza mume wangu.

"Ni kweli. Koki niliisahau mimi."

Alipokaa nikamvuta mkono, nikamnong'oneza, "Una wazimu wewe?"

"Wakili amenieleza," akasema chini chini. "Kosa likiwa la kampuni, bohari inafungwa. Mkwe wetu si anakula hapo hapo? Likiwa langu, kazi yake inabaki, na wamesema watawaangalia nyie nikiwa ndani."

Nikiwa ndani. Alisema hivyo kama mtu anayeaga kwenda dukani.

"Na visima?" nikamuuliza. "Kampuni ikiwa haina kosa, atavisafisha nani? Wewe na ndoo yako?"

Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, na mimi nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja.

Hapo nyuma yetu binti yetu akasimama. Kwa mshtuko nilishasahau kama tulikuja naye. Hakumtazama Mkurugenzi wala wakili.

"Baba," akasema, "kama siku ile ulikuwa kazini, aliyenishika mkono akanikabidhi kwa mume wangu alikuwa nani?"

Mwenyekiti alitaka kumwambia akae, kisha akaghairi, akamgeukia mume wangu.

"Mzee, umeapa. Mjibu mtoto."

Mume wangu akasimama, akishikilia kiti. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekushika mkono." Kisha akamnyooshea kidole Mkurugenzi. "Na huyu bwana alikuwa nyuma yetu, anapiga makofi."