Chupa Tupu Yenye Themanini na Tatu

Kwenye maabara ile ya kupima maji walimwita Matone, kwa kuwa alidondosha dawa tone kwa tone huku ameuma ulimi, na hakuna aliyewahi kumwona akizidisha. "Huyu akipika chai, majani anayahesabu," alikuwa akisema Mzee Brashi, muosha vyombo wao.

Asubuhi hiyo Matone alikuwa amelipiga pasi koti lake jeupe mara mbili. Mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja. Maabara ikipita inapewa cheti cha miaka mitatu. Isipopita inafungwa kufuli, na kila mtu aliyemo anarudi kwao kutazamana na ukuta.

Sharti la kwanza la ukaguzi ni dogo tu. Unachukua chupa safi, unaijaza maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu, kisha unayapima vilevile unavyopima maji ya kisima. Wenyewe huiita chupa tupu, ingawa imejaa pomoni. Jibu lake lazima liwe sifuri. Likitoka jingine, uchafu ni wako, na majibu yako mengine yote hayaaminiki.

Kwa siku nne chupa tupu ya Matone ilikuwa inatoka themanini na tatu.

Si themanini na mbili, wala themanini na nne. Alibadilisha maji, akabadilisha chupa, akachemsha vifuniko, akafungua dawa mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi yake. Themanini na tatu ya naitreti, ile chumvi inayotoka kwenye mbolea na vyoo ikapenya ardhini hadi visimani. Ikipita hamsini, mtoto mchanga hafai kupewa maji hayo. Akijaza Mzee Brashi, sifuri. Akijaza yeye, themanini na tatu. Na jana alipofungua kifuniko ilitoka harufu ya udongo mbichi, kama ya shimo lililochimbwa muda uleule.

"Mama, una mkono wa mbolea wewe," Mzee Brashi alimtania. "Acha kazi ukapande mchicha."

Alicheka kicheko cha kulazimisha, maana alikuwa na lake moyoni.

Wiki tatu nyuma alitumwa kuchota maji ya visima kumi na kuyapima palepale. Cha saba hakukifika, mto ulikuwa umelifunika daraja. Kurudi bila namba ni kuandika barua ya maelezo kurasa mbili, na mvua ilikuwa inanyesha. Basi alikaa garini, akatazama kisima cha sita kilichotoka kumi na moja, akakiandikia cha saba kumi na mbili. Alipika jibu siku hiyo moja tu katika miaka yake kumi na tisa ya kazi. Na kisima cha saba ndicho wanachotumia kwa mdogo wake, ambako kulikuwa na mjukuu wa wiki tano anayekorogewa maziwa ya unga. Wameyanywa maji yake miaka yote na ni wazima, alijiambia.

Mkaguzi aliingia saa nne, mwanamke mfupi, miwani imening'inia kwa kamba.

"Nani anajaza chupa tupu?"

"Mimi, mama."

Matone akajaza. Mashine ikanguruma, ikatoa kikaratasi. Themanini na tatu.

"Rudia."

Akarudia. Themanini na tatu.

Mzee Brashi akajikohoza. "Mama mkaguzi, huyu leo ana wasiwasi. Ngoja nijaze mimi."

Ikatoka sifuri. Mkaguzi akashusha pumzi, akamnyooshea Matone kalamu. "Basi andika hii. Mbele ya wageni kila mkono hutetemeka."

Kuandika sifuri, cheti hicho mkononi. Matone akaipokea kalamu. Hapo ndipo maji ndani ya chupa yake yalipotikisika, duara baada ya duara, kama yanavyotikisika maji ya kisima ndoo inapotua. Meza haikuguswa na mtu. Jua lilikuwa linawaka dirishani, na wote watatu waliona.

Akaweka kalamu chini, akampigia mdogo wake.

"Dada! Nilikuwa nakutafuta. Mtoto tangu jana midomo imekuwa kama ya aliyekula zambarau. Mkwe wangu anasema ni baridi."

"Mkimbizeni hospitali sasa hivi. Semeni ni maji ya kisima. Msimpe tena, hata ya kuchemsha!"

"Si uliandika mwenyewe kuwa ni mazuri?"

"Nilidanganya, mdogo wangu. Kimbia."

Kisha akafungua daftari la majibu. Maabarani kosa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja mwembamba, ili lililokuwepo liendelee kusomeka, na pembeni unatia saini. Akaipiga mstari ile kumi na mbili. Akaandika: Sikufika.

"Unajua cheti hakuna tena," mkaguzi alisema.

"Najua, mama. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hiki kilikuwa kinamwendea mwingine."

Gari likatumwa kisimani. Saa tisa dereva alirudi na maji, wakayapima mbele ya mkaguzi: themanini na tatu. Mdogo wake naye akapiga simu. Mtoto amechomwa sindano, midomo inarudi rangi, analia hospitali nzima wanamsikia. Matone akakaa chini, akalia na yeye.

Mkaguzi alikuwa anakusanya makaratasi yake. Akasita. Akachukua chupa safi rafuni. "Nihakikishe tu kwamba si mashine," alisema, akaijaza kwa mkono wake mwenyewe.

Mia moja na kumi na sita.

Akarudia bila kuambiwa. Mia moja na kumi na sita. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba kizima, na safari hii Mzee Brashi hakuwa na mzaha. Mkaguzi akavua miwani, akaketi kwenye kigoda cha Matone, akaitazama chupa ile ikitikisika duara baada ya duara.

"Niazimeni simu," alisema polepole. "Ni kisima cha kijiji cha mbali, nilikipitisha zamani bila kukifikia. Sijui kama bado kuna mtu wa kupokea."