Taka, Iko

Jumanne saa nne asubuhi Wanjala, ofisa wa geti la mashua, alinyoosha futi kamba yake kutoka ukuta mmoja wa nyumba ya Naisula hadi mwingine, akapata mita tatu na sentimita tisini. Akarudia kupima, maana alikuwa mtu wa haki, akapata zilezile. Kanuni za mashua za mito na mifereji ziliruhusu upana wa mita mbili tu. Hazikutaja nyumba popote, ila zilisema kwamba chochote kinachoelea kikiwa na mtu ndani ni mashua, na nyumba ya Naisula ilikuwa inaelea.

Ilianza kuelea Aprili, mvua ilipoleta mafuriko Kitengela. Maji yaliposhuka yaliwaondokea majirani wote, yakabaki chini ya nyumba yake peke yake, upana wa nyumba na hatua moja kila upande. Ukiisukuma nyumba kwa mti mrefu, maji yanakwenda nayo, na mbele na nyuma ni vumbi la siku zote. Jirani mmoja aliomba kuchota ya kufulia. Aliambiwa achote.

Ndani alilala bibi yake Naisula, ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani nyanya. Alizaliwa Bisil na alitaka kufia Bisil. Hakuwa na ombi lingine, na mifupa yake haikuruhusu abebwe kwenye gari. Kwa hiyo Naisula aliona maji yale yamekuja kwa kazi hiyo, akaisukuma nyumba kando ya barabara ya Namanga, mwendo wa punda mchovu. Mchana mzima hawakufika mbali. Kila asubuhi alimsalimu Koko, "Takwenya," naye Koko, aliyekuwa haoni na anasikia nusunusu, akaitikia, "Iko," kama wanawake wote wa kwao wanavyoitikia. Kwa itikio hilo Naisula alijua bado wana safari.

Geti la Wanjala lilikuwa kando ya mtaa mpya wa ghorofa. Kutoka mtaa huo lilitokeza bomba nene kama shina la mgunga, nalo lilimwaga maji machafu ya vyoo mia tatu mchana kutwa. Nyumba iliposimama getini, yalimwagika moja kwa moja ndani ya maji ya Naisula.

"Na hii?" Naisula akauliza.

Wanjala akaliangalia bomba. "Hiyo ni bomba, mama. Haiko kwa kanuni. Bomba si mashua."

Halafu akainama mlangoni, tableti mkononi, akasoma swali lililofuata. "Taka?"

Koko akasikia mgeni mwenye adabu anaanza salamu. "Iko," akaitikia.

Wanjala akaandika: Taka, iko. Akabonyeza, ikaenda.

Naisula alimweleza. Wanjala aliona aibu ya kweli, hata akavua kofia. "Pole sana, mama. Sisi kwetu Bungoma salamu ni mulembe tu. Lakini ikishaenda, haifutiki. Sasa lazima nione hiyo taka ikitolewa. Mashua ya saizi yako, magunia tatu."

"Niko na taka gani mimi? Nitaitoa wapi?"

Wanjala akapekua orodha ya taka, akakuta mavi ya ng'ombe. Akainua macho, akatazama kuta. Kutazama huko ndilo jambo baya zaidi alilofanya siku hiyo, kwa sababu alijua kuta zile ni nini. Ilikuwa enkaji, nyumba ya Kimaasai ya fito iliyokandikwa kwa mavi ya ng'ombe, na Koko mwenyewe ndiye aliyemfundisha Naisula kuikandika, akimchapa vidole akiacha ufa.

Naisula aliibandua kwa panga siku mbili. Alipofika kwenye alama za viganja vya Koko juu ya kitanda, alikaa chini akalia, kisha akaendelea. Siku ya tatu alikata upande wa kulaza ndama na nusu ya kitanda, upana ukawa mita mbili kasoro kidole. Wanjala alimsaidia kubeba magunia hadi mahali pa kupokelea taka. Palikuwa sakafu ya saruji chini ya bomba. Akayafungua, yote yakateremka kwenye maji yaleyale chini ya nyumba.

"Hapa ndio mahali?" Naisula akauliza.

"Kibao kinasema ni hapa."

Geti likafunguliwa. Nyumba ikapita, fito tupu, na ndani yake Koko ameketi kwa kuwa hapakuwa tena na pa kujinyoosha. Jua la Kajiado lilimpiga kutoka pande zote. Naisula alimfunika kwa shuka, upepo ukaichukua, akaifunga kwa kamba. Maji yalikuwa meusi sasa na yananuka, lakini yaliendelea kubeba.

"Takwenya, Koko," alimsalimu siku ya nne, na ya tano.

"Iko."

Siku ya sita alimsalimu alfajiri, akaitikiwa kwa sauti ndogo. Adhuhuri vumbi la soko la mifugo la Bisil likaonekana, na mbele yake geti la pili. Ofisa wa hapo alikuwa mwanamke, Mukai, mchangamfu. Alipima, akapata mita mbili kasoro kidole, akamsifu.

"Wengi wanafika hapa na mashua kubwakubwa tu," alisema. Kisha akainama mlangoni, akauliza kwa sauti ya kusikika. "Taka?"

Naisula akashika mti wake kwa mikono miwili, akasubiri.

Mukai naye akasubiri. Mbuzi walilia upande wa soko. Akauliza mara ya pili, akainua sauti, na ndani ya zile fito hapakuwa na itikio.

"Hakuna?" Mukai akamgeukia Naisula.

"Hakuna," Naisula akasema.

Mukai akaandika: Taka, hakuna. Akabonyeza, ikaenda. Akampa cheti cha mashua safi, akamfungulia geti, na nyumba ikaingia Bisil juu ya maji yake meusi.