Tipoyi ya Pili

Ephraïm alipotokea barazani kwa Célestin, Jumapili alasiri, aliomba jambo moja tu: arushe dadu mara moja, kisha aende zake. Hakuomba msamaha, wala kiti, wala habari za watu. Mimi nilikuwa nimekaa nikitazama njia, na nilimtambua kabla hajavua kofia. Nilikuwa nimemsubiri miaka zaidi ya ishirini ili nimwangushe chini kwa mkono wangu.

Mtu asiyeujua mchezo wetu ataona nasema ovyo, basi nieleze. Célestin alikuwa mwanafunzi Kisangani vita vilipoanza. Alirudi Kindu na boksi aliloachiwa na mwenzake: ndani mlikuwa na kitabu cha Kifaransa kilichonyofoka kurasa nyingi, na dadu moja ya kijani yenye pande ishirini. Mchezo wenyewe ni kusimuliana. Mmoja anasimulia nchi ambayo haipo. Wengine kila mmoja ana mtu wake katika nchi hiyo, naye anasema mtu wake anafanya nini. Pale ambapo hakuna anayejua kama jambo litafaulu, dadu inaamua. Wakati ule treni haikuja, kazi haikuwepo, shule zilifungwa zikafunguliwa zikafungwa tena. Tulikuwa vijana wenye mchana mrefu na sahani fupi, na mchezo haukuhitaji kula.

Tulikuwa wanne. Célestin alisimulia. Mimi, Ramla, nilikuwa na Bibi Feruzi, mchuuzi wa chumvi aliyewadanganya wanakijiji wote aliowapitia, na sioni haya kusema nilimcheza vizuri. Kaka yangu Assani alikuwa na mhunzi mmoja mwenye macho mabovu. Wa nne ni Ephraïm, rafiki wa Assani tangu shule ya msingi, aliyekaa Alunguli na kuvuka mto kwa mtumbwi ili aje kwetu Kasuku. Mtu wake aliitwa Kombo, mpanda michikichi hodari ambaye aliogopa maji kama paka. Vizibo vya chupa ndivyo vilivyokuwa watu wetu, na nchi tuliichora nyuma ya kalenda ya zamani.

Siku moja Ephraïm hakutokea. Kitabu labda kilikuwa na kanuni juu ya mchezaji asiyekuja, lakini kurasa hizo hatukuwa nazo. Célestin akaona rahisi tumwache Kombo kijijini, tutamchukua tukirudi. Assani alikataa.

"Hatumuachi mu njia," alisema. "Analala tu. Tumubebe."

Tukambeba kwa tipoyi, kile kiti cha miti ambacho babu zetu walibebeshwa wazungu mabegani. Assani alilaza njiti mbili za kiberiti juu ya kalenda, akaweka kizibo cha Kombo juu yake. Tukatunga na sheria: tipoyi hubebwa na wawili, na anayebeba harushi dadu, kwa kuwa mikono yake imejaa. Jumapili iliyofuata Ephraïm alikuja, akakuta tumepigwa na majambazi kwa ajili yake, akacheka mpaka akashika tumbo. Toka hapo ikawa desturi. Asiyekuja anabebwa.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Wapiganaji wa msituni walishika ng'ambo na barabara zote, wanajeshi walishika mjini, na mto ukafungwa. Mihogo haikuvuka, mafuta hayakuvuka, wala Ephraïm hakuvuka. Kombo alilala kwenye njiti zake, mimi na Assani tukambeba. Baadaye Assani alishikwa na malaria iliyopanda kichwani. Mjini dawa ilikuwa imekwisha. Mjomba wetu, aliyekuwa ng'ambo, alipata kwinini kwa mfanyabiashara mmoja, akaipakia kwenye mtumbwi, na wapiganaji waliolinda kivuko wakamrudisha. Assani alizikwa wiki hiyo.

Tulipoketi tena, Célestin alichukua kizibo cha Assani na njiti mbili mpya, akamlaza nyuma ya Kombo. Hakuniuliza. Nilimshukuru moyoni, na bado namshukuru. Mchezaji nilibaki peke yangu na tipoyi mbili, ikabidi Célestin anibunie wapagazi. Walinitoroka katika vijiji vyote, na Bibi Feruzi akawadanganya wengine.

Vita vilipotulia, mjomba alivuka, akatueleza lile ambalo hakuweza kututumia kwa mdomo wa mtu mwingine. Kati ya walinzi wa kivuko siku ile alikuwepo Ephraïm, na bunduki begani. Na sasa, alisema mjomba, kijana huyo ameelekea machimbo ya huko Kama kuchimba dhahabu. Célestin alinyoosha mkono amwondoe Kombo kwenye njiti. Nilimzuia. Wote wawili tulijua kwamba haikuwa huruma. Nilimwambia atabebwa mpaka siku atakapokuja mwenyewe, na siku hiyo nitamshusha mbele ya macho yake, nimwache porini na siafu. Nilimchukia hivyo, kwa utaratibu, Jumapili hadi Jumapili, huku nikimbeba.

Watoto hawakuyajua hayo. Binti yangu Naomie alianza kucheza meno yake ya mbele yakiwa hayajaota tena, na baadaye akaleta rafiki zake. Sasa wanakuja na pikipiki na simu zao, wanajaza baraza, wananiita Mama Feruzi hata sokoni ninapouza vitenge, mpaka wateja wangu wamelishika jina. Wao wamekuta tipoyi mbili zipo, wakazibeba. Mmoja wao, Joël, aliwahi kushauri tuwaache wale waliolala kwenye misheni fulani ili tufike haraka mji tunaoutafuta, na Naomie alimnunia mwezi mzima. Mji wenyewe hatujaufikia. Kwa mwendo wetu, sidhani kama mimi nitauona.

Basi ndipo akaja Ephraïm. Alikuwa amekonda, mguu mmoja hauinuki vizuri, ndevu zina mvi upande mmoja tu. Célestin alilitamka jina lake. Alinitazama mimi, na vijana nao wakanitazama. Naomie peke yake ndiye aliyeelewa harakaharaka, maana jina la Ephraïm alilisikia utotoni.

"Wewe njo Kombo?" alimwuliza, apate hakika kama ndiye.

Ephraïm hakufahamu. Naomie akamshika mkono, akamvuta hadi mezani, akamwonyesha kizibo kwenye njiti. Akamsimulia kwa furaha jinsi walivyomvusha Kombo mito mitatu akiwa amefungwa macho ili asiogope, na jinsi tembo alivyokaribia kumkalia. Ephraïm alisikiliza huku akikunja kofia yake. Nami nilikuwa tayari nimekiokota kizibo chake. Hotuba yangu nilikuwa nayo, ndefu, nimeipanga nikikunja vitenge, na hakuna neno ndani yake ambalo lingemhurumia. Lakini yeye alikuwa akitazama nyuma, kwenye njiti nyingine.

"Na mu ile ingine," aliuliza, "nani iko analala?"

"Njo Assani," nilisema.

Akatabasamu. Mungu anisamehe, alitabasamu. Aliuliza Assani amechelewa wapi siku hizi.

Hotuba yote ikanipotea. Nilimwambia kwamba Assani alikufa mwaka ule wa njaa, kwa malaria, na kwamba mtumbwi uliobeba dawa yake ulirudishwa kivukoni. Nilisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kule Kama hakuwahi kuuliza habari zetu, nikaelewa wakati huohuo kwa nini hakuuliza: aliogopa jibu.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza.

"Njo mimi nilimurudisha mujomba wenu," alisema. "Sikumuuliza dawa ya nani. Ningejua, ningemupitisha, na wale wengine wangeniua. Njo maana sikuuliza."

Nilikasirika upya, na safari hii kwa sababu nyingine: alikuwa amelisema mwenyewe. Jambo nililolibeba miaka yote ili nimpige nalo, alinipokonya mkononi, akaliweka mezani watoto wakiona. Nilibaki na kizibo tu, na kizibo ni kitu chepesi sana.

Ephraïm aliinuka, akavaa kofia. Alisema hatarusha dadu, anatuacha. Aliposhuka ngazi, Naomie akanigeukia. Sura yake haikuwa na furaha tena. Alikuwa amemsikia vizuri, na Assani ni mjomba wake ingawa hakumwona. Lakini yeye amekulia kwenye mchezo huu na anazijua sheria zake kuliko mimi.

"Mama," alisema, "akienda, tunaendelea kumubeba?"

Nilifikiri. Ndiyo, tungeendelea. Sheria ya Assani haikusema mtu abebwe kwa sababu ni mwema. Ephraïm angerudi Kama, au angekaa Alunguli, au angekufa huko aendako, na mimi ningeamka kila Jumapili kwenda kumweka begani, uzee wangu wote. Nilijisikia nimechoka, mchoko wa kweli, wa shingo na mgongo. Kumsamehe sikumsamehe. Sitaki mtu yeyote aliyekuwepo pale aende kusimulia kwamba nilimsamehe.

Nikamwita. Alisimama bila kugeuka.

"Kama uko macho, shuka utembee," nilisema. "Na mwenye iko macho, anabeba."

Nilikiweka kizibo cha Kombo kwenye kalenda, chini, nje ya njiti zake. Nikakiondoa cha Bibi Feruzi mbele ya tipoyi ya Assani, pale kilipokaa tangu vita, nikaiacha nafasi wazi. Ephraïm alirudi. Joël alimpisha kwenye benchi. Alikaa, akakisogeza kizibo chake kwa kidole kimoja mpaka mbele ya njiti za rafiki yake.

Célestin alikohoa, akaendelea na hadithi pale tulipoishia. Tulikuwa tumefika kwenye daraja la kamba, na chini yake mto unanguruma. Kombo anaogopa maji. Célestin hakulisahau hilo. Alimwuliza Ephraïm kama mtu wake ataweza kuvuka, akamsukumia dadu ya kijani, ileile, kwa mazoea ya zamani, akisahau sheria ya wabebaji.

Ephraïm aliitazama. Kisha akairudisha katikati ya meza.

"Minabeba," alisema.