Maji Yaliyosafishwa

Matumbawe yalimeremeta kwenye kompyuta kama vitambaa vya sikukuu, na Vasemaca akamgeukia mjomba wake, Apenisa.

"Mjomba, tope liko wapi?"

Apenisa alisogeza miwani, akacheka. "Si ulisema unayasafisha maji? Basi umeyasafisha, mpwa wangu. Hata Mungu hakuyaumba hivi!"

Aliyasafisha, naam. Programu aliyojifundisha mwenyewe ilinyoosha picha zilizopindwa na maji, ikarudisha wekundu uliomezwa na kina. Kisha ikakutana na ukungu wa kahawia, ikauona nao ni kasoro, ikaufuta. Ukungu huo ndio uliokuwa kesi yenyewe: tope la mashine ya kampuni ya kuchimba mchanga, lililoufunika mwamba wa kijiji mwaka wa tatu sasa. Video ya awali haikuwepo tena. Kadi ilikuwa moja tu, naye aliifuta ili arekodi mazishi ya chifu.

"Nizamie tena leo. Dakika kumi tu."

"Uzamie wapi?" Kicheko kilimwisha Apenisa. Chifu akifa, mwamba hufungwa siku mia, na hata arobaini hazijatimia. "Wale wanachimba juu ya msiba wetu. Na wewe unataka kuwa mwenzao?"

Vasemaca aliirudia ile video. Babu yake alipeleka barua kwa kamati ya serikali. Wakasema haina muhuri. Mama yake alipeleka samaki waliokufa. Wakasema ndoo si ushahidi. Yeye alipeleka video, na ofisa wao akamrudishia kadi palepale: "Haionekani kitu, dada. Kaisafishe."

Jumanne, huko Suva, mji mkuu, kamati iliitazama video ukutani mpaka mwisho. Mwenyekiti akapiga makofi.

"Hongereni! Maji safi namna hii, mnalalamikia nini?"

"Si safi, bwana. Ni programu. Imeondoa—"

"Kwa hiyo umeichezea video?"

"Nimeirekebisha. Nyinyi ndio mlioniambia."

"Umeichezea, au hukuichezea?"

Akisema ndiyo, kesi imekufa; akisema hapana, imekufa vilevile. Aligeuka kuwatazama watu wake, waliosafiri kwa meli kutwa nzima wakiwa na nguo zao nyeusi za msiba, akitarajia hasira. Lakini hakuna aliyemwangalia. Wote walikodolea macho ukutani, ambako bahari yao ilikuwa bado inang'aa.

"Ndivyo palivyokuwa," bibi mmoja alinong'ona, akamvuta binti aliyekaa kando yake. "Tazama upesi, kabla hawajazima."