Nusu Kikombe

Mimi nauza chai, na katika kazi hii naijua aibu moja tu: kumpa mtu kikombe ambacho hakijajaa. Chai yangu hufika ukingoni. Mteja akilazimika kuinama afyonze kwanza kabla hajainua kikombe, najua nimemheshimu.

Mdogo wangu ni kinyozi. Watu humwita Wembe, na zamani jina lilimfaa. Sasa kila asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate anayoiita "ya kufungulia duka", na hiyo moja huwa haibaki moja. Wateja wamehama kimyakimya. Nani atatoa shingo yake kwa mkono unaocheza? Daktari alituita wote wawili, akasema bila kuzunguka: ini limechoka, akiendelea hivi tutamzika. Tumezaliwa wawili tu. Nilitoka pale na hasira, sijui hata nilimkasirikia nani.

Nikaanza kuulizia kikundi cha watu walioacha pombe. Wengine walicheka, wakasema hao hukutana baa. Wengine wakanikumbusha kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Aliyenijibu kiutu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mteja wangu wa miaka na miaka, mtu mpole ambaye ningeapa hajawahi hata kunusa kizibo.

"Jumamosi mchana," alisema akiangalia chini. "Darasa la chekechea, nyuma ya zahanati. Mimi huwa nipo."

"Wewe? Unafanya nini huko?"

"Mama, hata mimi ni mgonjwa."

Kumpeleka Wembe ilikuwa vita. Jumamosi hiyo nilimuwahi kabla hajatoka, nikavuta kigoda nikakaa mlangoni kwake.

"Dada, unanilinda kama mfungwa."

"Mfungwa angekuwa na adabu."

Kwa hiyo hakupata ya kufungulia duka. Tunafika, shati limelowa jasho na mikono kaificha mifukoni.

Mle ndani watu wazima walikuwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu, chini ya picha za ng'ombe na kuku. Hakuna aliyeona ajabu. Fundi alitukaribisha, akasema yanayosemwa mle hayatoki nje, kisha akammiminia chai kila mtu. Vikombe vyote vilijaa. Cha Wembe kiliishia nusu.

Damu ilinipanda kichwani. Mdogo wangu amebaguliwa mtaa mzima, na hawa nao? Mbele yangu mimi, muuza chai?

"Chai imewaishia, au mgeni hana thamani?" Nikanyakua birika.

"Mama, acha," fundi alisema haraka.

Sikuacha. Nilikijaza mpaka ukingoni, nikamkabidhi Wembe mkononi. Alikipokea kwa sababu mimi ni dada yake, na tangu utoto hajawahi kukataa kitu nilichompa. Chai ikamwagika vidoleni, kwenye shati, kwenye suruali. Akajaribu kukituliza kwa mkono wa pili, ikawa balaa zaidi. Wembe aliweka kikombe sakafuni, akasema, "Samahanini," akatoka. Nilipofika nje alikuwa ameshavuka barabara kuelekea baa.

Fundi alinikuta nimeegemea ukuta.

"Mgeni tunampa nusu," alisema. "Sote tulianza na nusu. Mkono ukitulia, tunaongeza."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Ndugu yangu nilimfikisha mpaka mlangoni pa kupona, kisha nikamsukuma nje mwenyewe, na kwa ukarimu wangu.

Wiki ile alinikwepa, akawa anapita njia ya nyuma. Kila asubuhi nilimimina nusu kikombe nikakiweka pembeni ya meza. Wateja wakanitania: "Mama, siku hizi unapima chai kama dawa ya kikohozi?" Nikawajibu ovyo. Chai ikipoa, naimwaga. Kesho yake namimina nyingine.

Ijumaa alikuja. Macho mekundu, pombe inanuka tangu yuko mbali. Hakunisalimia. Alikitazama kile kikombe muda mrefu, akakishika kwa mikono miwili, akanywa polepole mpaka mwisho.

"Kesho usinisindikize," alisema. "Ukija utanijazia tena."

Nilicheka bila kupenda. Lakini sikumwamini. Ahadi za mlevi nimezisikia zote, na nyingine nimezisikia zikiapiwa kwa jina la marehemu mama yetu.

Jumamosi fundi alikuja kuchukua chai ya kikundi, nikamjazia birika langu. Mchana kutwa nilikaa roho juu. Nilitia sukari mara mbili katika chai ya mtu, nikamgombeza yeye. Jioni fundi aliporudisha birika, sikungoja hata aliweke mezani.

"Alifika?"

"Mama, ya ndani hayatoki nje. Unajua."

"Najua."

Alianza kuondoka, akasimama, akarudi.

"Ila wewe ni mtu wa chai, na habari za chai naweza kukupa," alisema. "Leo tulimimina nusu moja. Haikumwagika hata tone."

Nikamgeuzia mgongo, nikaanza kuosha birika ambalo alikuwa ameshaliosha.